Mashimo Kumi na Moja

Baba, nimeirudia ile ekari ya chini
ulikoiuza mialoni myeupe mwaka wa ukame,
ishirini na sita kwa bei ya trekta moja.
Trekta ingali ghalani. Haiwaki.
Kuku wanatagia kitini.

Lindqvist wa kitaluni ameniwekea miche ndooni,
mizizi imefungwa magazeti yaliyolowa.
Alinitazama mvi, akanitazama magoti,
akasema kwa adabu: "Ardis, chukua mwekundu.
Mwekundu una mbio. Miaka kumi na mitano
utaweka kiti kivulini."
Mweupe utanichukua mingapi, hakusema.
Hesabu naijua. Nina sitini na tisa
na daktari wa moyo mjini.

Kwanza nilichimba, nikajaza maji, nikaenda kulala.
Udongo huulizwa hivyo:
unaunywesha jioni,
asubuhi unachungulia kama umemeza.
Kileleni mashimo yalikauka kama koo la mlevi alfajiri.
Katikati yalikunywa taratibu hadi saa sita mchana.
Chini, kando ya kijito, maji yalikuwa bado yametulia tuli,
yana kipande cha anga
na mdudu mmoja akipiga makasia.

Nami nilidhani ndiye ninayechagua.

Basi kijitoni nimetia mitatu ya kinamasi,
ile ambayo majani yake yana tumbo la fedha,
upepo ukiyapindua bonde zima hupepesa macho.
Kileleni, kwenye changarawe, minne ya kofia ya manyoya:
tunda lake huvaa kama mzee Haugen akienda kutoboa barafu,
na gome lake moto wa nyasi huligusa ukaona haya.
Mwekundu niliukataa. Kuna ugonjwa kwa akina Pribyl,
unatembea mzizi kwa mzizi, chini kwa chini, kama umbea;
Julai majani yanasinyaa kuanzia juu,
Agosti mti mzima ni kuni.

Imebaki katikati, Baba. Palepale.

Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Wale watu wa kiwanda cha mapipa walipita wakigonga
kwa mgongo wa shoka, wakitega sikio:
huu, huu, huu, si huu.
Wewe ulishika kofia mkononi kama uko kanisani.
Wiski, walisema. Mapipa ya wiski.
Huko mbali watu nisiowajua wakanywa kivuli chetu
kwa vipande vya barafu.
Sikukuuliza kitu. Jioni ile hukula.

"Si huu" upo hadi leo.
Umepinda, una kovu la radi kuanzia kwapani hadi kisiginoni,
hakuna pipa lingetoka humo.
Septemba ya juzi ulizaa kama umechanganyikiwa
na nikagombea matunda yake na kindi, nimepiga magoti,
nikayamwaga kwenye beseni la maji:
yaliyoelea nikayatupa,
yaliyozama nikayazika kwenye maboksi ya maziwa
dirishani, kando ya redio.
Matatu yameota.
Hayo ndiyo niliyoyapanda katikati. Sikununua mweupe.
Nimeyazungushia waya, maana paa wa hapa
hula hata kamba ya kuanikia nguo.

Ukihesabu utaona ni kumi.

La kumi na moja usinicheke.
Nilirudi kwa Lindqvist nikiwa nimeinamisha uso,
nikaomba mwekundu mmoja, mmoja tu,
nikaupanda peke yake, mbali na wenzake,
mbele ya dirisha la jikoni.
Ukiugua, utaugua peke yake.
Mingine ni ya watu ambao hata majina hawajapewa.
Huu ni wangu. Nataka kuona kitu
kikilishinda dirisha urefu nikiwa naosha vyombo.

Kiti nimeshakitoa.
Nimekiweka pale kivuli kitakapokuwa.
Kwa sasa kuna jua tele,
upepo wa Aprili usio na huruma,
na fimbo yenye machipukizi mawili.